Barua Niliyoijibu kwa Picha ya Twiga

Jumanne iliyopita nilipita pale karakana yenu nikamkuta mmoja wenu, sitamtaja, mwenyewe anajijua, akichanganya gundi nyeupe na unga wa mbao kwa kijiti, anajaza pengo kwenye mguu wa kitanda. Akaniona, akacheka. "Niaje mzee! Si hii hata wewe ulikuwa unafanya?"

Nikamwambia ndiyo, niliifanya. Nikaenda zangu. Lakini nilipofika nyumbani nikaamua niwaandikie haya, nyinyi mnaoshika randa na msumeno hapa Jericho. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka arobaini: kwanza Gikomba, kisha kiwanda kimoja cha samani kule Industrial Area, na mwishowe nyuma ya nyumba yangu, mpaka macho yalipokataa kuona mstari wa penseli. Nimetengeneza makabati, viti vya kanisa, majeneza. Vingi nimevisahau. Ila kuna nguzo moja ambayo naiona hadi leo nikifumba macho, na haiko Kenya. Iko Japani. Au niseme ilikuwa huko.

Ujanja wa gundi nilifundishwa na Fundi Wafula, aliyenipokea Gikomba nikiwa sina hata ndevu. Alikuwa na mikono mizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua mpaka wakati huo, lakini alikuwa na haraka. Ulimi wa kiungo ukiwa mwembamba kuliko tundu lake, hakuutupa. Gundi, unga wa mbao, msasa, vanishi, basi. "Mteja anaona rangi, Musyoka," alikuwa akisema. "Nani atachungulia ndani ya mbao?" Nikalishika neno hilo. Baba yangu alikuwa mchongaji, amekaa chini miaka yote Shauri Moyo akichonga swala na twiga wa kuuzia watalii, na kosa la mchongaji huonekana mara moja. Akikata sikio la swala, limekatika. Mimi nilifurahi kupata kazi ambayo kosa linaweza kufichwa.

Nilipofika miaka thelathini na nane, kiwanda chetu kilipata nafasi ya kupeleka fundi mmoja Japani kwa miezi sita, akajifunze jinsi wanavyounga mbao bila misumari. Aliyechaguliwa kwanza aliugua, nikawekwa mimi. Mama Mwende, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi miwili. Hakunizuia, ila usiku wa kufunga sanduku alinishika mkono akasema: "Nenda ukafanye kazi. Lakini kule wana miungu yao. Usiinamie sanamu yoyote. Ukiinama, mimi nitajua tu." Mke wangu akisema atajua, anajua.

Nilipelekwa mji mdogo wa milimani, mto unapita katikati, kwa fundi mmoja aitwaye Mzee Okuda. Msimfikirie kama wazee wa kwenye sinema, wenye ndevu nyeupe na maneno mazito. Alikuwa mfupi, masikio makubwa, anapenda vitamutamu vya maharage hadi binti yake, Fumiko, alikuwa anamfichia. Akikosea kipimo alijitukana mwenyewe kwa sauti. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na mimi Kijapani changu kilikuwa asante na samahani. Tuliongea kwa mikono na kwa mbao.

Siku ya kwanza nilichukua randa nikaisukuma kama tunavyosukuma hapa. Mzee Okuda akanitazama kama mtu aliyemwona mwenzake amevaa suruali kichwani. Kumbe wao wanavuta. Randa wanavuta kuja kifuani, na msumeno unakata ukivutwa, si ukisukumwa. Wiki mbili nzima mwili wangu ulikuwa unagombana na mikono. Lakini ukishazoea, vijana, utaelewa jambo: chombo cha kuvuta hakiwezi kuwa na meno mazito wala hakitaki nguvu za hasira. Ukivuta kwa pupa, kinakwama. Maranda yaliyotoka kwenye randa ya Mzee Okuda yalikuwa mepesi hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Yangu yalitoka kama maganda ya viazi.

Juu ya karakana kulikuwa na kilima, na juu ya kilima hekalu la zamani sana la Kishinto, dini yao ya asili. Lilikuwa dogo, la mbao tupu, halijapakwa rangi, paa limeinama mbele na kufanya kibaraza. Ngazi za mawe zenye ukungu wa kijani zinapanda katikati ya miti mirefu iliyonyooka, na mwisho wa ngazi kuna lango: nguzo mbili na boriti mbili juu, bila mlango wowote. Watu wa mji walikuwa wanapanda kusalimu mungu wa kilima chao, na Mzee Okuda ndiye aliyelitunza. Kila Jumapili karakana ikifungwa, alichukua fagio na sanduku la vyombo akapanda. Akaniita twende.

Nilipanda naye hadi langoni, nikasimama. Yeye akainama kidogo, akapita, akanawa mikono kwenye beseni la jiwe. Alipogeuka akaniona bado niko nje. Nikatikisa kichwa. Nikajaribu kumweleza kwa kuonyesha msalaba kwa vidole.

Sitawadanganya, haikuwa maneno ya Mama Mwende peke yake. Nilipokuwa mdogo huko Ukambani, nyanya yangu alinionyesha ithembo, mahali ambapo wazee wa zamani walitambikia, mikuyu mikubwa imesimama juu ya kilima. Nyanya alikuwa ameokoka, anaimba kwaya. Lakini tulipopita chini ya kilima kile alishusha sauti na kunishika mkono. Sasa niko upande wa pili wa dunia, na kimya kilikuwa kilekile. Nilitamani kuingia na niliogopa kuingia, yote kwa pamoja.

Mzee Okuda hakukasirika. Alirudi langoni akanipa fagio, akaonyesha ngazi. Maana yake nilielewa: hata nje kuna kazi. Kwa hiyo miezi mitano, kila Jumapili, yeye alifagia ndani na mimi nikafagia ngazi. Tukimaliza tulikaa chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, Fumiko analeta chakula kwenye visanduku, tunakula tukitazama mto. Sijui kama nimewahi kukaa na mtu kwa raha kama ile bila kusema neno.

Wiki yangu ya mwisho kikapita kimbunga. Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika, na kutoka chini nilimwona Mzee Okuda anapanda peke yake na boriti begani. Mtu wa miaka karibu sabini. Anapanda ngazi tatu, anasimama, anapanda mbili. Tawi kubwa lilikuwa limeangukia kibaraza na kuvunja mguu wa nguzo ya kulia, pale ilipokuwa imeanza kuoza. Nikakimbia, nikashika upande wa pili wa boriti. Tulipofika langoni hakusimama, nami singeweza kuachilia. Nikapita. Kuinama singeweza hata kama ningetaka, nilikuwa na mbao begani. Ndivyo nilivyoingia.

Kazi yenyewe ni hii. Nguzo ikioza mguu hawaitupi yote. Wanakata sehemu mbovu, wanaunganisha mguu mpya kwa ndimi zinazoingiliana kama vidole vya mikono miwili, na kiungo kikikaa sawasawa kinabeba paa bila msumari wala gundi. Mzee Okuda alikata upande wa juu, wa zamani. Kisha akanikabidhi patasi zake na boriti mpya, akaonyesha kifua changu. Mguu mpya ni wangu. Halafu akashuka kwenda kula.

Nilifanya kazi vizuri hadi ulimi wa mwisho. Hapo nikakumbuka kuwa safari yangu ilikuwa imebaki siku nne, nikaanza kuharakisha. Nikachonga kupita mstari. Si sana, unene wa kucha mbili. Lakini nilipojaribisha, kiungo kilicheza. Kilisema *tok, tok*.

Fundi mwenye akili angemngoja mzee arudi. Mimi nilishuka kwa njia ya nyuma hadi karakana, nikachukua gundi waliyokuwa wanatumia kwa masanduku ya zawadi, nikakusanya unga wa mbao, nikapanda, nikachanganya, nikajaza. Nikapangusa. Nikasugua. Mzee Okuda aliporudi tuliusimamisha mguu pamoja, tukaushushia paa. Akagonga kwa nyundo ya mti, akasikiliza. Akasogeza pua karibu. Akakaa hivyo muda. Kisha akaniambia neno moja la Kiswahili nililokuwa nimemfundisha: "Sawa."

Mimi nikajipongeza moyoni. Nilifikiri nimemshinda.

Siku ya kuondoka alinionyesha lango kule juu, akahesabu kwa vidole miezi hadi majira ya maua, akaniomba nibaki tulitengeneze nalo. Nikamwonyesha tumbo kwa mikono, mke wangu karibu anajifungua. Akacheka, akakubali. Nilikuwa nimejifunza kusema kwa Kijapani "nitarudi", nikaisema mara tatu. Fumiko alisema baadaye kwamba niliisema vibaya lakini ilieleweka.

Nilirudi Nairobi, Mwende akazaliwa wiki ya tatu. Na mimi nikawa mtu wa hadithi. Mtaa mzima, kuanzia Jericho hadi Makadara, walisikia habari ya nguzo yangu. Kuna nguzo Japani, nilikuwa nawaambia, nimeiunga mimi kwa mikono hii bila msumari, na bado inabeba nyumba ya mungu wao. Gundi sikuitaja. Miaka ikipita, hata mimi niliisahau.

Mwende alipokuwa darasa la kwanza, ikaja barua. Kurasa mbili, maandishi ya Kijapani kwa wino mweusi, hakuna picha wala mchoro. Kiwandani kulikuwa na Mjapani mmoja mtaalamu wa mashine, lakini alikuwa ameshahamishwa. Nikasema nitatafuta mtu wa kuisoma. Nikatafuta kidogo, halafu nikaacha. Nilidhani ni salamu tu, mzee ananikumbuka. Nami sikutaka aonekane ameandika bure, kwa hiyo nikanunua kadi mjini, ile yenye picha ya twiga amesimama mbele ya mlima, nikaandika nyuma kwa Kiingereza: sote tuko wazima, mtoto anakua, asante. Nikaituma. Barua nikaiweka kwenye sanduku la chini ya kitanda pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kiwanda kikafungwa, nikaanza kupambana kama kila mtu. Barua nyingine haikuja.

Tuseme ilipita zaidi ya miaka ishirini. Mwende akawa mtu mzima, akasomea kutunza wagonjwa, kisha akaanza masomo ya Kijapani hapa mjini, maana kule wanahitaji watu wa kuwahudumia wazee. Siku moja akiwa mezani na vitabu vyake akaniuliza: "Baba, si ulikuwa na kitu cha Kijapani mahali? Nataka kujaribu kusoma maandishi ya mkono." Nikamtolea barua. Alihangaika nayo wiki nzima, mwalimu wake akamsaidia. Jumapili tulipotoka kanisani akatuketisha, mimi na mama yake, akasoma.

Nimeikariri. Inasema hivi:

"Musyoka. Sisi wazima. Nguzo imefunguka kidogo pale ulipounga. Kosa ni langu, mbao niliyokupa ilikuwa haijakauka vizuri. Nimeweka gogo la kuegemeza paa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ningeweza kutengeneza mwenyewe, lakini ni kazi ya mkono wako na sipendi kuigusa. Nimeanika mbao nyingine. Ulisema utarudi. Nitangoja uje tufanye pamoja."

Halafu Mama Mwende akauliza polepole, "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimtumia kadi."

"Kadi ya nini?"

"Twiga."

Mwende akaanza kucheka, akaziba mdomo. Mama yake hakucheka. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye kamba ya nguo, kati ya mashuka ya watu, mpaka niliposikia naitwa kula.

Mwende alipata kazi akaenda. Mwaka wa pili akanitumia tiketi na karatasi za viza. Nilipoanza kufunga sanduku, Mama Mwende alisimama mlangoni.

"Kwa hiyo unaenda hekaluni."

"Naenda kazini."

"Umestaafu, Baba Mwende."

"Kuna moja ilibaki."

Akaondoka. Nilifikiri amekasirika. Akarudi na leso yake ya zamani, akaifunga patasi yangu nzuri ndani yake, akaitia katikati ya nguo. "Basi usiifanye vibaya tena," akasema.

Mji ule ungeulilia. Nyumba nyingi zimefungwa madirisha, nyasi zimeota hadi milangoni, shule imekuwa ghala. Vijana wote wameenda miji mikubwa. Karakana ya Mzee Okuda ilikuwa na kufuli. Lakini nyumba ya jirani ilikuwa na nguo kwenye kamba, na aliyetoka alikuwa mwanamke wa umri wangu, mgongo umepinda, ameshika kisu cha jikoni. Alinitazama. Mwende akaanza kujieleza kwa Kijapani, yule mama akamkatiza kwa neno moja.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema umechelewa."

Alikuwa Fumiko. Alitukaribisha ndani, akatuwekea chai. Ukutani, juu ya picha ya baba yake, kulikuwa na twiga wangu, rangi imefifia hadi mlima umekuwa wa maziwa. Mzee Okuda alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja nyuma. Aliishi hadi themanini na kitu, na mpaka mwaka wake wa mwisho alipanda ngazi zile. Fumiko alieleza mengine bila kuinua sauti, na Mwende akatafsiri. Watu waliobaki mjini ni tisa, wote wazee, hakuna anayeweza tena kulitunza hekalu. Wamekubaliana na kuhani anayekuja kutoka mji mwingine: baada ya miezi mitatu watamhamisha mungu wao kwa heshima kwenye hekalu kubwa la chini bondeni, halafu hili la mlimani litabomolewa.

Asubuhi iliyofuata tulipanda. Nilipumzika mara nne. Lango la juu, lile tuliloahidiana kulitengeneza, halikuwepo tena, lilianguka zamani, yamebaki mashimo mawili ya mawe. Lakini hekalu lilikuwa limesimama. Na nguzo yangu ilikuwa pale, imefunguka kwenye kiungo kama mdomo, na ubavuni mwake gogo la kuegemeza, kama zile propu za kushikilia slabu hapa kwetu, ila hili lilikuwa limeshaota ukungu. Niliweka mkono wangu juu yake. Nilimkumbuka yule mzee, vijana, kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilitamani atoke nyuma ya nyumba na fagio lake. Nilitamani anitukane.

Nikamwambia Mwende amuulize Fumiko kama naweza kuitengeneza.

"Baba," Mwende akasema, "si umesikia? Inabomolewa. Miezi mitatu tu."

"Nimesikia. Muulize."

Akauliza. Fumiko aligeuka, akashuka zile ngazi na mgongo wake uliopinda, akatupeleka hadi kibanda cha nyuma ya karakana, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na boriti moja, imepangwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, ncha zake zimepakwa nta zisipasuke. Ilikuwa imekaa hapo tangu barua ile. Kavu kabisa. Nilipoigonga ililia kama kengele.

Mpwa mmoja wa Fumiko na rafiki yake walikuja kutubebea boriti na jeki za gari za kuinulia paa. Kazi nyingine yote niliifanya mwenyewe, siku sita. Macho yangu hayakuona mstari wa wino, kwa hiyo nilifanya kwa kidole: nachonga kidogo, napapasa, nachonga kidogo. Kama mnataka kujua siri yoyote kutoka kwangu, ni hiyo. Jicho lina haraka kuliko kidole.

Siku ya pili nilifungua kiungo cha zamani, na ikatoka ile gundi. Ilikuwa njano, ngumu, na unga wa mbao ndani yake, kama jibini iliyokauka. Fumiko alikuwa amekaa kwenye kibaraza akinitazama. Ningeweza kuitupa vichakani. Nikaiweka kwenye kiganja, nikampelekea.

"Mwambie," nikamwambia Mwende, "mbao haikuwa na kosa. Mimi nilipita mstari, nikajaza hii. Baba yake alijilaumu bure."

Mwende alitafsiri, uso umemshuka kwa aibu yangu. Fumiko aliigusa ile gundi kwa kucha. Akasema kitu, Mwende akageuka kwangu na macho makubwa.

"Anasema baba yake alijua. Alijua siku ileile. Aliisikia harufu. Alikuwa na hasira wiki nzima, hata vitamutamu hakula."

"Sasa mbona aliandika kosa ni lake?"

Mwende akamuuliza Fumiko, kisha akatafsiri.

"Anasema, kama angeandika kosa ni lako, usingerudi."

"Na sikurudi," nikasema.

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Fumiko alitikisa kichwa polepole kukubali. "Hukurudi," Mwende akasema kwa niaba yake.

Hakunisamehe kwa maneno, wala sikumwomba. Alinitilia chai nyingine kutoka kwenye chupa, nikairudia kazi.

Siku ya sita kiungo kiliingia. Si kwa nguvu, kiliingia polepole kama mguu kwenye kiatu cha zamani, na hakikusema *tok*. Tukashusha jeki, paa likakaa. Kisha tukajaribu kuliondoa lile gogo la kuegemeza, halikutoka. Nikavuta mimi, Fumiko akavuta, tukavuta pamoja, likatoka ghafla sote tukaanguka matako chini kwenye majani. Yule mama alicheka hadi akapoteza pumzi. Halafu kicheko kikageuka, akalia, na mimi sikujua la kufanya ila kukaa pale chini karibu naye mpaka alipomaliza.

Mtaniuliza kama niliinama. Fumiko alipiga makofi mawili mbele ya hekalu kama desturi yao. Mimi nilivua kofia nikaomba kwa Mungu wangu, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, nikamtaja Mzee Okuda kwa jina. Sikubadili dini. Lakini sikuona kwamba nimesimama mahali pabaya.

Nilirudi nyumbani. Miezi mitatu ikapita, na Jumamosi moja saa mbili asubuhi simu ikalia, ni Mwende, kwa video. Alikuwa juu ya kilima pamoja na watu wao tisa, wengine wamebebwa mgongoni kupandishwa. Kuhani alikuwa anasoma maneno marefu kwa sauti ya kuvuta. Picha ilikuwa inakatika, lakini niliona nguzo mbili za kibaraza zimebeba paa, na katikati watu wamevaa nguo nzuri. Nje ya dirisha langu jirani alikuwa anapiga honi, watoto wanacheza mpira. Mama Mwende alikuwa kwenye kiti chake anachambua mboga kwa chakula cha mchana.

Kisha mlango wa hekalu ukafunguliwa, na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe kikatolewa taratibu, hakuna aruhusiwaye kukitazama. Wale wazee wote wakasimama, hata wale wasioweza, wakashikana. Nikajikuta nami nimesimama hapo sebuleni, simu mkononi.

Sikumwambia mke wangu kitu. Nilisikia tu sinia ikiwekwa chini. Nilipogeuka, Mama Mwende alikuwa amesimama kando yangu, mikono yake bado ina maji ya mboga, ametulia, anatazama.